Lango la Mfereji Linavuja Chini ya Dirisha Langu: Je, Tuhame?

"Shikamoo Mhandisi. Mimi ni mama wa watoto wawili, mmoja wa miaka minne na mwingine wa miaka tisa. Kwetu ni Tanga, ila kwa miaka sita sasa tunaishi London, eneo la Hackney. Mwezi uliopita tulihamia nyumba ya ghorofa ya chini kando ya mfereji wa Regent's Canal, karibu na lango linaloitwa Acton's Lock. Kutoka mlango wetu wa nyuma natelemka vidato kumi na kimoja kufika kwenye njia ya kando ya mfereji, upande wa juu wa lango. Milango yake ni ya mbao na inavuja usiku kucha, maji yanaruka kama bomba lililopasuka. Juzi asubuhi nilikuta maji ya upande wa juu yamepungua hata baiskeli zilizotupwa chini zinaonekana kwenye matope. Jirani anayekaa chumba cha chini ya ardhi anasema milango imeoza, siku moja itapasuka, na maji yote kuanzia mtaa wa Camden huko juu yatatushukia. Mama yangu alikuja kututembelea, hakupata usingizi. Pia shemeji yangu, anayeishi kwenye mashua, anataka kuwachukua watoto wamsaidie kupita langoni. Je, tuhame? Na watoto niwaruhusu?"

Marahaba, mwanangu. Swali lako lina mambo kadhaa yaliyoshikana, nami nitayafungua moja baada ya jingine, lakini kwanza nikupe jibu lenyewe ili wewe na mama mpate kulala: kwa haya uliyoyaeleza, msihame kwa sababu ya milango inayovuja. Katika mfereji wote ulioko mbele ya nyumba yenu, milango hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi mdogo kabisa. Kinachonitia wasiwasi ni kile ulichokitaja mwishoni kana kwamba ni jambo la pembeni, yaani watoto wako wawili na lile shimo la matofali lenye maji, na hapo ndipo nitakapokaa kwa muda mrefu zaidi.

Tuanze na lango lenyewe, kwa sababu hofu nyingi juu yake hutokana na kutojua linavyofanya kazi. Maji ya mfereji hayatakiwi kuteremka ovyo kama ya mto. Yanatakiwa yatulie ili mashua iende pande zote mbili bila kupambana na mkondo. Kwa hiyo, penye mteremko, wajenzi huukata mfereji vipande vipande, kila kipande kikiwa kimelala sawa kama maji ya karai, na baina ya kipande na kipande huweka lango la kupandishia na kushushia mashua. Mfereji wenu uliidhinishwa na Bunge la Uingereza mwaka 1812, ukafunguliwa hadi Camden mwaka 1816, na mwaka 1820 ukafika Limehouse, unapokutana na mto Thames, mhandisi wake akiwa James Morgan. Katika safari ya karibu kilomita 14 kutoka Paddington unashuka kama mita 26, na mteremko huo umegawiwa malango 12 yanayofuatana kama vidato vya ngazi. Acton's Lock ni la 7 ukihesabu kutoka Camden, na kama mengine yote linabeba sehemu yake ya mteremko, mita mbili na kitu hivi.

Lango ni chumba kirefu cha matofali, chenye milango upande wa juu na milango upande wa chini. Mashua inayoshuka huingia chumbani maji yakiwa yamejaa, milango ya juu hufungwa nyuma yake, kisha mtu huchukua hendeli ya chuma na kuinua vizibo vya matundu yaliyoko upande wa chini ili maji yatoke taratibu. Maji ya chumbani yakisha kulingana na ya nje, milango ya chini husukumwa na mashua ikaendelea na safari. Kwa inayopanda, kazi ni ile ile kinyume chake. Hakuna pampu wala injini katika kazi hii. Maji hushuka kwa uzito wake, na binadamu hufungua na kufunga tu.

Sasa milango. Wewe umetoka Tanga, kwa hiyo bila shaka umeiona ile milango ya kale ya pwani yenye bawa mbili, na katikati yake mfaa, ule mti ulionakshiwa uliopigiliwa kwenye bawa moja ili kuziba mwanya wa katikati. Milango ya lango la mfereji nayo ina bawa mbili, lakini haina mfaa. Badala yake, bawa zimefanywa pana kidogo kuliko nafasi iliyopo, hivyo zikifungwa hazikai katika mstari ulionyooka. Hukutana kwa pembe, na ncha ya pembe hiyo huelekea upande wa maji mengi. Maji yanaposukuma, yanazikaza bawa zenyewe kwa zenyewe na kuzibana ukutani. Kadiri maji yanavyokuwa mengi ndivyo milango inavyofungika zaidi. Kwa hesabu yangu ya haraka, chumba kikiwa kimejaa, milango ya chini ya lango la ukubwa huo hubeba msukumo wa zaidi ya tani 20, na uzito wote huo unasaidia kufunga. Ndiyo maana hata tofauti ya sentimita 10 tu ya maji baina ya pande mbili yatosha kumshinda mtu mmoja anayejaribu kuifungua. Jirani yako anaiona milango hiyo kama pazia lililochoka linalosubiri kuchanika, ilhali kimaumbile ni kabari inayozidi kukazwa na maji yenyewe.

Mbona basi inavuja? Kwa sababu ni mbao inayokutana na mbao, na mbao inayokutana na matofali, bila mpira wala gundi katikati. Mafundi wa majahazi wa kwetu wanalijua jambo hili vizuri: jahazi lililokaa juu ya nchi kavu, hata likitiwa kalafati kwa ustadi, siku likishushwa majini huvuja kwanza mpaka mbao zinywe maji na kuvimba. Milango ya lango ina taabu kubwa kuliko ya jahazi, kwa maana kila siku sehemu yake ya juu inalowa na kukauka, inalowa na kukauka, na katika kiangazi jua huifanya isinyae, kwa hiyo utaiona inavuja zaidi mwezi wa Julai kuliko mwezi wa Januari. Wakati mwingine kitawi au chupa hukwama katikati ya bawa mbili, na mwanya wa upana wa kidole ukawa chemchemi inayoruka mita nzima. Inatisha kuitazama, hasa usiku, kwa sababu chumba cha matofali kinaikuza sauti kama kisima. Lakini maji yanayopita hapo hayali kitu njiani. Yanatoka kwenye mfereji na kuingia kwenye mfereji.

Neno "kuoza" nalo linahitaji kupimwa. Milango hii hutengenezwa kwa mbao ngumu za mwaloni na hutarajiwa kudumu kwa takriban miaka 25, kisha hubadilishwa. Canal & River Trust, shirika linalosimamia mfereji huo tangu mwaka 2012, lina karakana zake za kuichonga, na milango mipya hupachikwa zaidi wakati wa baridi, mashua zikiwa chache. Siku hiyo huziba lango kwa mbao maalumu zinazopangwa moja juu ya nyingine kwenye mifereji midogo iliyochongwa ukutani, chumba hukaushwa, na winchi huing'oa milango ya zamani na kuiweka mipya. Mara nyingi mwaka wa kutengenezwa umechongwa au kubandikwa kwenye boriti, ule mti mrefu mnene wa kusukumia mlango. Nenda ukautafute mchana. Kuvu ya kijani juu ya mbao, majani yaliyoota kwenye nyufa na ncha za boriti zilizomomonyoka si dalili ya mlango unaokaribia kuvunjika. Ni sura ya mbao iliyokaa nje kwa miaka mingi.

Tuje kwenye ile asubuhi ya baiskeli na matope, ambayo naamini ndiyo iliyowatisha kuliko yote. Kila mashua inapopita, chumba kimoja cha maji huteremka kutoka kipande cha juu kwenda cha chini, na kwa malango ya mfereji wenu kiasi hicho ni kati ya lita 200,000 na 250,000. Mtu akipita usiku na kuondoka bila kurudisha vizibo, au watoto wa mtaani wakivichezea, au mlango mmoja ukiachwa wazi huku ule wa pili unavuja, maji ya kipande kizima huendelea kutoroka polepole, na kipande kikiwa kifupi, kufikia alfajiri utaona sakafu yake. Huo ni usumbufu kwa wenye mashua, ambazo hukaa zimelalia ubavu juu ya matope, lakini kwa nyumba yako ni kinyume cha mafuriko: maji yameondoka mbele yako yakaenda chini. Wahudumu huja, hufunga vizibo, kisha huteremsha maji kutoka malango ya juu mpaka kipande kijae tena. Ikitokea tena, toa taarifa kwa shirika, na taja jina la lango, kwa sababu kila saa inayopita ni maji yanayopotea.

Je, yanaweza kuja maji yote ya Camden? Ni kweli kwamba juu ya lango la kwanza la Camden kuna maji mengi mno; kutoka hapo kurudi nyuma hadi Cowley, magharibi ya London, ni zaidi ya kilomita 30 za mfereji bila lango hata moja. Lakini baina ya maji hayo na Acton's Lock yako malango sita mengine, na kila lango lina milango ya juu na ya chini. Mlango wa chini ukivunjwa leo na mashua, wa juu utashika. Wa juu ukivunjwa, wa chini utashika. Na kama kwa bahati mbaya yote miwili ya lango moja itashindwa, kitakachotoka ni maji ya kipande kilichopo juu yake tu, mpaka lango linalofuata. Mfereji uliokatwa vipande ni kama chombo chenye vyumba vingi tumboni: kikitoboka kimoja, vingine vinabaki. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia wenyeji walilichukulia jambo hili kwa uzito hata wakaweka milango ya ziada karibu na King's Cross, ili bomu likipasua mfereji, maji yasimwagike yote kwenye njia za reli zilizopita chini.

Kisha kuna jambo ambalo wewe mwenyewe umelijibu bila kujua. Umesema unatelemka vidato kumi na kimoja kutoka mlango wa nyuma hadi njia ya kando ya mfereji, na kwamba njia hiyo iko upande wa juu wa lango. Kidato cha kawaida kina kimo cha sentimita 17 hivi. Kwa hiyo sakafu yako iko karibu mita 1.9 juu ya njia, na njia yenyewe iko juu ya maji. Hayo ni maji ya upande wa juu, yaliyo juu kuliko yote yanayokuhusu. Ya upande wa chini yako mita mbili na kitu chini zaidi. Ili maji hayo yaingie sebuleni kwako yangepaswa kupanda, na maji ya mfereji hayana kitu cha kuyapandisha. Isitoshe, malango ya Regent's Canal yalijengwa yakiwa na vyumba viwili viwili sambamba, na katika yote isipokuwa la kwanza la Camden, chumba kimoja kiligeuzwa kuwa mahali pa kufurikia, maji ya ziada yakizidi kiwango hupita hapo yenyewe. Hicho ndicho kile kishindo cha pili unachokisikia siku za mvua, na kinapaswa kusikika.

Sitaki lakini uelewe kwamba mifereji haipasuki. Inapasuka, ila kwa njia nyingine. Mwezi wa Machi 2018, tawi la mfereji karibu na Middlewich, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, lilibomoka na kumwaga maji bondeni, na ukarabati ulichukua miezi mingi. Mlango wa lango haukuvunjika. Kwa maelezo ya shirika lenyewe, inaelekea vizibo vya lango viliachwa wazi, maji yakajaa kupita kiasi katika kipande cha chini, yakafurika juu ya tuta la udongo na kulila hadi likakatika. Ona tofauti: hapo mfereji ulikuwa umepandishwa juu ya tuta, ardhi ya pembeni ikiwa chini kuliko maji. Kwako ardhi ya pembeni iko juu kuliko maji. Mwenye nyumba iliyo chini ya tuta la mfereji angeniuliza swali hili hili, ningemjibu kwa tahadhari nyingine kabisa, na ningemtaka akague tuta lile kila baada ya mvua kubwa.

Basi kama unataka kitu cha kuangalia, angalia rangi ya maji na mahali yanapotokea. Maji maangavu yanayoruka kwenye mwanya wa milango, hata yakiwa mengi, yaache. Maji yanayotoka mahali pasipo mlango, yaani kwenye nyasi, chini ya ukuta, katikati ya mawe ya njia au nyuma ya uzio, ndiyo ya kutolea taarifa siku hiyo hiyo; na yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, usisubiri kesho. Rangi hiyo ni udongo. Maji yakianza kubeba udongo, tundu la leo lililo sawa na kidole kesho huwa sawa na ngumi, kwa sababu kila chembe inayoondoka inafungua njia pana zaidi kwa inayofuata. Katika miaka yangu ya kazi, nilichokiogopa kilikuwa daima kidogo na kimya: kishimo kipya njiani, ukuta ulioanza kuinama, kidimbwi kisichokauka wakati hakuna mvua.

Jirani yako wa chumba cha chini ya ardhi ana hoja yake, na usimpuuze. Sakafu yake huenda iko sawa na maji ya mfereji au chini yake, na mfereji wa umri huo hauzuii maji kwa saruji bali kwa tabaka la udongo wa mfinyanzi uliokandwa, ambao kwa kawaida hushika vizuri lakini ukitobolewa na ujenzi huanza kupitisha unyevu. Tena hatari halisi ya vyumba kama chake mjini London ni mvua. Mwezi wa Julai 2021 mvua za ghafla ziliushinda mfumo wa maji machafu, na vyumba vingi vya chini vikajaa, vingine vikiwa mbali kabisa na mfereji wowote. Huyo ndiye anayehitaji mtu wa kuja kuona kwa macho: mkaguzi wa majengo aliyesajiliwa, ambaye atapima unyevu wa kuta, atatafuta unakotoka, na ataeleza kama ni wa mvua, wa bomba au wa mfereji. Mimi kwa maandishi siwezi kutofautisha hayo matatu, na mtu yeyote anayedai kuweza bila kuingia chumbani humo asiaminiwe. Wewe nawe, kabla ya kusaini mkataba mrefu, tazama ramani za serikali za hatari ya mafuriko kwa anwani yako, na soma bima yako kuona kama inataja maji yanayotoka kwenye mifereji. Ukiona ukungu au unyevu mpya kwenye ukuta ulio upande wa mfereji, mwite mkaguzi huyo huyo.

Sasa watoto. Mtoto wa pwani huyazoea maji, na hilo ndilo linalonifanya niseme kwa ukali kidogo, kwa sababu bahari ya Tanga ina ufuko. Mtoto akijikwaa pale Raskazone, chini ya miguu yake kuna mchanga unaopanda kuelekea nchi kavu. Chumba cha lango hakina ufuko. Kuta zake zimesimama wima, zimefunikwa utelezi wa kijani, na chumba kikiwa kitupu, ukingo uko mbali na maji kwa zaidi ya kimo cha mtu mzima. Kuna ngazi za chuma zilizozamishwa ukutani. Nenda na mtoto wako wa miaka tisa, simameni mbali na ukingo, umwonyeshe kila moja ilipo, kwa sababu anayeanguka huziona kwa shida sana.

Baridi ni adui wa pili. Maji ya huko kwa sehemu kubwa ya mwaka yako chini ya nyuzi 15, na mwili ukitumbukia humo ghafla huvuta pumzi kwa nguvu bila kuamriwa. Kama pua iko chini ya maji wakati huo, mtu anameza maji hata kama ni mwogeleaji hodari. Mfundishe mkubwa hivi: akianguka, asipige mikono, alale chali, masikio ndani ya maji, asubiri pumzi itulie, ndipo aite na kutafuta ngazi. Lakini hata elimu hiyo ina mpaka wake, kwa sababu vizibo vikiwa wazi, maji chumbani huchemka kwa povu, na maji yaliyojaa hewa hayaubebi mwili kama maji matulivu, huku mvuto wa kuelekea kwenye matundu ukiwa mkubwa. Anayefanya kazi langoni akisikia kelele ya aina yoyote, jambo la kwanza ni kushusha vizibo vyote. Asiruke mtu. Rusha boya au kamba, na upige 999 uwaombe zimamoto, ndio wanaookoa watu kwenye maji ya ndani ya nchi, ukitaja jina la lango.

Kuna jambo moja la kiangazi ambalo wageni hawalijui. Maji ya Regent's Canal katika miezi ya joto hufunikwa wakati mwingine na vimea vidogo vya kijani vinavyoelea, vilivyoshikana hata uso wote unaonekana kama uwanja wa nyasi uliokatwa vizuri. Mbwa wameshajirusha juu yake wakidhani ni ardhi. Mtoto wa miaka minne anaweza kufanya hivyo hivyo, na akizama, vimea hujifunga juu yake bila kuacha alama. Huyo mdogo, basi, asifike njia ya mfereji bila mkono wa mtu mzima mkononi mwake, na mlango wako wa nyuma uwe na komeo lililo juu kuliko anavyofikia. Kama hakuna kizuizi juu ya vile vidato kumi na kimoja, mwombe mwenye nyumba aweke kigeti. Hicho ndicho kitu kimoja ambacho ningekuwa tayari kuhamia kwingine kama ningenyimwa. Kile chumba cha pili cha kufurikia maji, ambacho hakina mashua na huonekana kama bwawa dogo lisilo na maana, ni cha hatari kuliko chenyewe cha mashua, kwa sababu hakuna anayepita humo wala kukiangalia.

Kuhusu maradhi nitasema kwa kifupi. Panya wako kando ya mifereji yote, na mkojo wao hubeba vimelea vya homa ile ile iliyotangazwa Lindi mwaka 2022 na watu wakaiita homa ya mgunda. Kuambukizwa kwenye mfereji wa Uingereza ni nadra. Funika michubuko, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, na mtu aliyeanguka majini akipata homa na maumivu ya misuli ndani ya wiki chache zinazofuata, amwambie daktari kwamba alianguka mferejini, kwa maana bila neno hilo daktari hudhani ni mafua.

Imebaki safari ya shemeji. Sina sababu ya kuikataza, ila ina masharti. Niliwahi kusimama langoni, mashua ya kukodi ikishushwa, familia nzima imekaa nyuma wakipiga picha. Chini ya milango ya juu kuna kizingiti cha mawe kinachojitokeza ndani ya chumba, na huwa kimefunikwa na maji chumba kikijaa. Mahali pake huonyeshwa kwa mstari mweupe ukutani. Mashua yao ilikuwa imerudi nyuma ya mstari. Maji yaliposhuka, nyuma ya mashua ikabaki imekaa juu ya kizingiti huku mbele inazidi kuzama, vikombe vikaanza kuteleza mezani, na bado hakuna aliyeelewa. Mzee mmoja aliyekuwa kwenye hendeli ndiye aliyegutuka. Akaangusha vizibo vya chini, akakimbia kwenda kufungua vya juu taratibu, maji yakapanda, mashua ikaelea tena. Ilikuwa dakika mbili tu. Shemeji yako, kama ni mtu wa mashua kweli, anaijua hatari hii. Muulize akuonyeshe mstari huo kabla hujampa watoto.

Mkubwa anaweza kusaidia kusukuma boriti. Awe amevaa koti la kujiokolea, asimame upande wa nchi kavu kila mara, akanyage yale matofali yaliyoinuliwa kama mbavu kwenye nusu duara ya boriti, yaliwekwa kwa ajili ya nyayo za wasukumaji. Hendeli asiguse. Kizibo kikiteleza, hendeli iliyoachwa kwenye mhimili wake huzunguka kwa kasi ya kuvunja mkono wa mtu mzima. Mdogo akae ndani ya mashua na wewe, au abaki nyumbani na bibi yake hadi awe mkubwa. Kazi ya langoni inahitaji macho yote mawili ya shemeji, na mtoto wa miaka minne anahitaji macho yote mawili ya mtu mwingine.

Ukishausoma mwaka ulioandikwa kwenye boriti, niandikie, pamoja na picha mbili: moja ya milango chumba kikiwa kimejaa, na nyingine ya ukuta wenu wa nyuma pale unapokutana na vidato. Nikiona lolote katika picha hizo linalobadilisha niliyoyasema, nitakujibu siku hiyo hiyo.